Tabibu Aliyerudi Darasani Kuwasomea Watoto

Katika mabaraza yetu ya Pwani, akitajwa kijana anayesomea udaktari, watu husema mashallah. Akitajwa anayesomea sheria, wazee humsogezea kiti. Lakini akitajwa kijana aliyepata shahada yake ya kwanza, kisha akarudi chuo kikuu miaka miwili mingine kusomea utoto na malezi, mtu wa kwanza kucheka huwa ni mjomba wake. Kulea nako kwataka shahada? Na mamake aliyemlea yeye alisomea wapi? Basi huyo atakuwa yaya wa joho na kofia! Maneno hayo nimeyasikia kwa masikio yangu, tena si mara moja, na wenye kuyasema si wajinga. Ni watu wazima wenye kusoma magazeti na kufuata habari za dunia.

Kwa hivyo leo nimeona niandike maisha ya mwanamke mmoja ambaye jina lake twaliona kwenye mbao za shule za chekechea kutoka Mombasa mpaka Nairobi, na wengi wetu twalitamka pasi na kujua kuwa ni jina la mtu. Wako wanaodhani ni kampuni. Huyo ni Bi Maria Montessori, Mtaliana, Mkatoliki kwa dini yake na tabibu kwa elimu yake. Alikwisha kuwa daktari kamili, mwenye cheo na mshahara, alipokata shauri kurudi kwenye dawati la mwanafunzi kwa sababu moja tu: aliona hawajui watoto, na kwamba waliokuwa wakiwafundisha hawakuwajua pia.

Alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870 katika mji mdogo wa Chiaravalle, upande wa mashariki wa Italia, karibu na bandari ya Ancona. Babake, Alessandro, alikuwa mtumishi wa serikali katika wizara ya fedha, mtu wa kushika desturi. Mamake, Renilde Stoppani, alikuwa mpenda vitabu, na hilo halikuwa jambo la kawaida kwa mwanamke wa zama hizo. Maria alikuwa mtoto wao wa pekee. Mwaka 1875 walihamia Roma, na huko ndiko alikokulia.

Msichana mwenye akili wakati huo alikuwa na njia moja mbele yake, nayo ni kuwa mwalimu wa shule. Yeye hakuitaka. Alipofika miaka 13 aliingia shule ya ufundi, wavulana wametanda pande zote, akitaka kuwa mhandisi. Baadaye akageuza nia akataka utabibu. Babake hakuridhia, na profesa mmoja mkubwa wa chuo kikuu alimwambia wazi kuwa jambo hilo haliwezekani. Bi Maria akaingia kwa mlango wa pembeni. Mwaka 1890 alijiandikisha Chuo Kikuu cha Roma kusomea elimu ya viumbe na maumbile, akapata cheti chake mwaka 1892, na mwaka uliofuata akakubaliwa katika utabibu. Shida hazikuishia hapo. Haikuonekana kuwa ni adabu mwanamke kusimama pamoja na wanaume mbele ya maiti iliyo uchi, basi yeye kazi ya kupasua maiti aliifanya peke yake, jioni, wenziwe wakisha kwenda zao. Husemwa kuwa alikuwa akivuta tumbaku ili kuishinda harufu ya dawa iliyotiwa maiti. Mwaka 1896 akahitimu, mmoja wa wanawake wa mwanzo mwanzo kupata daraja hiyo katika Italia. Mwaka huo huo alikwenda Berlin kwenye mkutano wa wanawake wa mataifa, akasimama kudai kuwa mwanamke afanyaye kazi sawa na mwanamume alipwe sawa naye.

Hapo ndipo mtu mwingine angalifungua chumba chake cha matibabu, akatundika kibao mlangoni na kuhesabu mapato. Bi Maria alipewa kazi ya msaidizi katika hospitali ya magonjwa ya akili ya chuo kikuu, na kazi yake mojawapo ilikuwa kuzizungukia nyumba walimofungiwa wagonjwa. Humo alikuta watoto. Watoto waliozaliwa na upungufu wa akili, na wengine ambao labda upungufu wao ulikuwa ni kutojaliwa tu, walikuwa wamewekwa pamoja na wendawazimu wakubwa. Husimuliwa kwamba katika chumba kimoja mtunzaji alimlalamikia kuwa watoto hao ni walafi, kwani wakisha kula hutambaa sakafuni kutafuta makombo ya mkate. Bi Maria akakitazama chumba kile. Hakikuwa na kitu. Hapakuwa na kijiti, wala jiwe, wala kitambaa cha kushikwa mkononi. Akafahamu kuwa watoto wale hawakuwa na njaa ya mkate. Walitafuta kitu cha kuishughulisha mikono yao, na kwa njia ya mikono, akili zao.

Kuanzia hapo akaingia katika vitabu. Aliwasoma Wafaransa wawili waliomtangulia. Wa kwanza ni Jean Itard, tabibu wa viziwi mjini Paris, ambaye mwanzoni mwa karne ya 19 alijaribu kwa miaka kumfundisha mvulana aliyeokotwa mwituni katika nchi ya Aveyron, asiyejua kusema wala kuvaa nguo. Wa pili ni mwanafunzi wa Itard, jina lake Édouard Séguin, aliyetengeneza vifaa na mazoezi kwa ajili ya watoto wenye ulemavu wa akili na baadaye akahamia Marekani. Bi Maria hakutosheka na kuvisoma vitabu hivyo. Alivinakili kwa mkono wake, akivitia katika Kitaliana, neno kwa neno, ili asipitwe na maana ya hata neno moja. Sisi tuliopita vyuoni twaijua kazi ya kunakili kitabu kizima kwa mkono, na twajua kwamba anayenakili husoma mara mbili.

Mwaka 1900 ilifunguliwa Roma shule ya kuwafunza walimu wa watoto wenye ulemavu wa akili, na Bi Maria akawa mmoja wa wakuu wake wawili. Mchana kutwa alikuwa na watoto, na usiku alikuwa akiandika aliyoyaona. Baadhi ya watoto wale, waliokuwa wamekatiwa tamaa, wakajua kusoma na kuandika, wakapelekwa kufanya mtihani wa serikali pamoja na watoto wa shule za kawaida, wakafaulu. Watu walishangilia. Yeye alishughulishwa na jambo jingine. Ikiwa mtoto mwenye upungufu aliyefunzwa vizuri aweza kumfikia mtoto mzima, basi huyo mtoto mzima anafundishwa namna gani hata asimpite?

Kuna habari nyingine ya miaka hiyo ambayo vitabu vingi vya kumsifu viliificha muda mrefu, nami sioni haki kuipita. Mkuu mwenziwe wa shule ile alikuwa tabibu, Giuseppe Montesano, na baina yao palikuwa na mapenzi. Tarehe 31 Machi 1898 Bi Maria alijifungua mtoto wa kiume pasi na ndoa. Mtoto akaitwa Mario. Aibu ilikuwa kubwa, na habari hiyo ingalijulikana, kazi yake yote ingaliporomoka siku hiyo hiyo. Basi mtoto akapelekwa kwa siri kulelewa na jamaa mmoja mashambani, upande wa Vicovaro, nje ya Roma. Mama alikuwa akienda kumtazama, lakini mtoto hakuambiwa kuwa huyo bibi ndiye mamake. Yasemekana wazazi hao wawili walipatana kwamba hakuna atakayeoa wala kuolewa kwingine. Montesano alioa mwanamke mwingine, na mwaka 1901 Bi Maria akaiacha shule ile waliyokuwa wakiiongoza pamoja.

Siyaandiki haya kumfedhehesha, wala sitaki kuyapaka rangi. Katika dini yetu nasaba ya mtoto ni haki yake, na mtoto wa hatia za wazazi hana hatia. Jambo la kulitia akilini ni kwamba mwanamke huyu aliyekwenda kuwatafuta watoto wa dunia nzima alikuwa na wake mmoja asiyeweza kumwita jina. Kila alichokifanya baadaye mimi hukisoma na hilo likiwa mbele yangu.

Alipotoka katika shule ile alikuwa na miaka 31, tabibu mwenye kujulikana. Akarudi Chuo Kikuu cha Roma kama mwanafunzi. Alijiandikisha katika falsafa, akasoma elimu ya nafsi, elimu ya malezi na anthropolojia, yaani elimu ya mwanadamu na hali zake. Vilevile alikwenda katika shule za msingi, akakaa nyuma ya madarasa akiangalia. Alipima urefu wa watoto, uzito wao, vifua vyao na hata vichwa vyao, kama ilivyokuwa desturi ya wataalamu wa zama zile. Vipimo vya vichwa elimu ya leo imeviacha, na ni vizuri ilivyoviacha. Lakini kulikuwa na kitu kingine alichokifanya ambacho hakikuachwa. Alitaka kila mtoto awe na daftari lake, ndani yake iandikwe afya yake tangu kuzaliwa, kazi ya babake na mamake, nyumba wanayolala, chakula wanachokula na hali ya jamaa nzima. Alikwisha ona kuwa mwalimu amtazamaye mtoto peke yake, akasahau nyumba alikotoka, huwa amemwona nusu.

Shahada ile ya falsafa hakuimaliza. Hata hivyo mwaka 1904 chuo kikuu kilimpa idhini ya kufundisha anthropolojia, na mihadhara yake kwa walimu ikatoka kuwa kitabu mwaka 1910.

Hapa nataka kusimama kidogo na yule mjomba wetu anayecheka. Kijana anayesomea utoto katika daraja ya juu ya chuo kikuu hasomei kubeba watoto. Husomea namna mtoto anavyokua kimwili na kiakili, namna lugha inavyomwingia, namna hofu na mashaka ya nyumbani yanavyomharibu, na sheria inasema nini juu ya haki zake. Kisha hutoka akaenda kuangalia, akaandika, akapimwa kwa alichokiandika. Chuo Kikuu cha Kenyatta hufundisha elimu hiyo hadi daraja za juu. Nazo kazi zipo. Tangu Katiba ya 2010 shule za chekechea zi mikononi mwa serikali za kaunti, na zataka watu wa kuzisimamia wanaojua wanachokisimamia. Mume na mke wakiachana wakaingia mahakamani kuvutana mtoto, afisa wa watoto ndiye aendaye nyumbani kwa mume na nyumbani kwa mke, akaangalia, kisha akamwandikia hakimu maoni yake. Maisha ya mtoto huyo yaweza kugeuzwa na karatasi ile. Je, twataka iandikwe na mtu aliyesoma, au na mtu aliyelelewa tu?

Turudi Roma. Katika mji huo palikuwa na mtaa uitwao San Lorenzo. Majumba yake yalianza kujengwa wakati wa tamaa ya ujenzi, fedha zikaisha, yakabaki magofu yasiyokwisha, yakaingiwa na maskini na wahalifu. Baadaye kampuni ya nyumba ikayanunua, ikayatengeneza, ikawapangisha watu wenye kazi. Baba na mama wakitoka asubuhi kwenda kibaruani, watoto wadogo wasiofika umri wa shule walibaki peke yao wakikimbia ngazini na kuchora kuta. Mkuu wa kampuni, Edoardo Talamo, akafanya hesabu yake: kumlipa mtu wa kuwaangalia watoto ni rahisi kuliko kupaka chokaa kila mwezi. Akamwomba Bi Maria aisimamie shughuli hiyo. Jamaa zake matabibu walishangaa kumwona akikubali kazi ya namna ile.

Tarehe 6 Januari 1907 ilifunguliwa Nyumba ya Watoto katika chumba cha jumba moja la San Lorenzo. Watoto walikuwa kama hamsini hivi, wa miaka mitatu hadi sita, wenye nyuso za hofu, wengi wao wanalia. Mwalimu wao wa kwanza hakuwa mwalimu hata kidogo. Alikuwa binti wa mlinzi wa mlango. Bi Maria aliona hilo ni afadhali, kwani asiyefundishwa ualimu wa zamani hatakuwa na la kusahau. Akaleta viti na meza ndogo nyepesi ambazo mtoto aweza kuzibeba mwenyewe, na vile vifaa alivyovijaribu kwa watoto wenye ulemavu: vipande vya mbao vya kutumbukizwa katika matundu yake, maumbo, rangi, kengele. Kisha akakaa kuangalia.

Aliyoyaona ndiyo yaliyompa jina. Msichana wa miaka mitatu alikuwa akitoa na kutia vipande vya mbao katika matundu. Bi Maria akawaambia wengine waimbe na kumzunguka, mtoto asigeuke. Akamwinua pamoja na kiti chake akamweka juu ya meza, mtoto akakumbatia vifaa vyake akaendelea. Alirudia kazi ile zaidi ya mara arobaini, kisha akaacha mwenyewe, akatabasamu kama mtu aliyeamka usingizini. Siku nyingine mwalimu alichelewa na kabati halikufungwa, na watoto wakachukua vifaa wavitakavyo, kila mmoja akaenda kukaa na chake. Mwalimu alitaka kuwaadhibu kama wezi. Bi Maria yeye aliona kuwa sasa wanavijua vitu, na wana haki ya kuchagua. Kabati likabadilishwa, ikawekwa rafu fupi iliyo wazi. Vitu vya kuchezea vya fahari walivyoletewa na matajiri havikuwashughulisha. Siku moja aliwafundisha namna ya kupenga kamasi kwa adabu, na alipomaliza wakampigia makofi. Akatambua kuwa mtoto ambaye kila siku hukaripiwa kwa kamasi zake, lakini hapana mtu aliyepata kumwonyesha, hujiona amedharauliwa. Naye siku ile alimpa heshima.

Habari ya kuandika itawapendeza wenzangu waliopita chuoni. Sisi tulianza na ubao. Mwalimu aliandika herufi kwa wino, nasi tulifuatiza kwa kidole na kwa sauti hata herufi ikaingia mkononi kabla ya kuingia kichwani. Bi Maria alikata herufi za karatasi ya msasa, akazigandisha juu ya mbao, akawapa watoto wazipapase kwa vidole na kutamka sauti zake. Mwezi wa Desemba wa mwaka ule wa kwanza mtoto mmoja alikuwa akichora kwa chaki bomba la moshi, ghafla akapiga kelele kuwa anaandika, akaandika neno, kisha la pili. Wenziwe wakaja mbio, nao wakashika chaki. Walikuwa wa miaka minne na mitano. Mama zao, ambao wengi hawakujua kuandika, waliduwaa.

Jambo ambalo chuo chetu na nyumba yake vilitofautiana ni fimbo. Kwake haikuwapo, wala zawadi haikuwapo. Wako kati yetu watakaosema hayo ni malezi ya Kizungu. Nawakumbusha kwamba Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika Ihya yake amesema kuwa mtoto ni amana kwa wazazi wake, akausia kwamba akitoka chuoni aachwe acheze mchezo mzuri, kwani kumnyima mchezo na kumlemea kwa masomo huufisha moyo wake. Naye Ibn Khaldun, mwenyeji wa Tunis wa karne ya 14, aliandika katika Muqaddima kuwa mtoto anayefunzwa kwa ukali hujifunza uwongo na hila kwa kuogopa mkono wa mwalimu. Bi Maria hakuwa na la kutufunza juu ya hilo ambalo halimo katika kabati zetu wenyewe. Sisi tuliviweka vitabu hivyo juu, tukashika bakora iliyokuwa karibu.

Tena nyumba ile haikuwa ya watoto pekee. Ilikuwa ndani ya jumba wanamokaa wazazi, haikutoza ada, na mama aliweza kuingia saa yoyote kutazama. Kwa upande wake mzazi alitakiwa amlete mtoto safi, na aje kuzungumza na mwalimu juu ya malezi yake. Mzazi aliyepuuza, mtoto wake aliweza kuondolewa. Mwalimu naye alikaa pale pale, jirani yao. Hapa Mombasa, katika miaka ya 1980, mradi wa Madrasa ulioanzishwa kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan ulishika njia iliyo karibu na hiyo, ingawa mafunzo yake hayakutoka kwa Bi Maria. Wanawake wa mtaa walifunzwa kuendesha shule za watoto wadogo zenye dini na elimu ya dunia pamoja, na wazazi wakawa ndio wenye shule. Kutoka hapa mradi ukafika Zanzibar na Uganda. Ajabu ya dunia ni kuwa jina la Montessori lenyewe, lililoanzia kwa watoto wa vibarua, leo aghalabu hubandikwa mlangoni pa shule ambazo kibarua hawezi kuzilipa. Na kwa kuwa jina hilo halina mwenyewe kisheria, yeyote aweza kulibandika, awe amefunzwa au hakufunzwa.

Mwaka 1907 huo, mama huyo anapopigiwa makofi na watoto wa San Lorenzo, Mario alikuwa ana miaka tisa, yuko kwa watu.

Mambo yalikwenda upesi. Mwaka 1909 alitoa kitabu cha njia yake ya kufundisha, akawafunza walimu wa kwanza. Kitabu kikatafsiriwa katika lugha nyingi. Akaacha utabibu na kazi ya chuo kikuu, akategemea vitabu na mafunzo ya walimu. Mamake mzazi, aliyeogopa fedheha kuliko mtu yeyote, alifariki Desemba 1912. Miezi michache baadaye mvulana wa miaka kama 15 alihamia kwa Bi Maria. Husimuliwa kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemkabili akamwambia kuwa anajua kuwa yeye ni mamake, na kwamba anataka kwenda naye. Alimchukua. Kwa watu alimtambulisha kuwa mtoto wa jamaa yake, na baadaye kuwa mtoto wa kupanga. Baadaye serikali iliwatenganisha kwa nguvu, kama tutakavyoona.

Alifika Marekani mwaka 1913, akaishi miaka mingi Barcelona, akawa akifunza walimu London. Mussolini aliposhika Italia alizipenda shule zake akazipa fedha, na Bi Maria akazipokea. Hilo ni doa, na wapenzi wake wakilitolea hoja mimi sizikubali. Lakini mtawala alitaka watoto wavae sare na kupiga saluti, na mambo hayo hayakupatana. Mwaka 1934 wakavunjana, shule zikafungwa. Ujerumani nako Wanazi wakazifunga. Mwaka 1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikamtoa Uhispania, akaenda kukaa Uholanzi, naye ni mzee wa miaka 66 asiyekuwa na nchi.

Kutoka Uholanzi safari yake kubwa ya mwisho ilikuwa Bara Hindi. Aliitwa na jumuiya ya Watheosofia ya Adyar, Madras, akafika Novemba 1939 pamoja na Mario, wakidhani watakaa miezi michache. Wanafunzi zaidi ya 300 walikuwa wakimngoja, wakasomea katika mabanda ya makuti, kitu ambacho sisi hatuna haja ya kuelezwa. Yeye alisema Kitaliana, na mwanawe akakitia katika Kiingereza. Juni 1940 Italia ikaingia vitani, na Waingereza wakawahesabu kuwa maadui. Mario akafungwa katika kambi ya Ahmednagar, naye mama akazuiwa asitoke Adyar. Alikuwa anatimiza miaka 70 tarehe 31 Agosti. Siku hiyo ilimjia simu ya maandishi kutoka kwa mtawala mkuu wa Kiingereza, ikimpa habari kuwa zawadi waliyoona inamfaa ni kurudishiwa mwanawe. Mwanawe, si mtoto wa jamaa, si wa kupanga. Neno ambalo yeye hakuweza kulitamka hadharani kwa miaka 42, liliandikwa na serikali iliyomfungia mtoto.

Alikaa huko miaka saba, akarudi tena baada ya vita. Akafunza zaidi ya walimu 1,000 katika Bara Hindi, akafika Ceylon na Karachi. Katika miaka hiyo alianza kuwachunguza watoto wachanga kabisa, tangu kuzaliwa hadi miaka mitatu, akaona kuwa akili ya mtoto katika umri huo hunyonya lugha, desturi na khofu za nyumba kama sifongo linyonyavyo maji, bila kuchagua. Alikuwa amepita miaka 70, angali anasoma.

Husimuliwa kwamba siku yake ya mwisho mazungumzo yalikuwa juu ya Afrika. Walikuwa wamemtaka Ghana, iliyokuwa ingali ikiitwa Gold Coast, akawafunze walimu, naye alitaka kwenda. Mario alimwambia kuwa safari hiyo haiwezi kwa umri wake. Alifariki hapo hapo Noordwijk aan Zee, pwani ya Uholanzi, tarehe 6 Mei 1952, mwenye miaka 81, akazikwa katika mji huo. Mwaka 1990 Italia iliitia sura yake katika noti ya lira 1,000, noti ndogo ya sokoni, ikatumika hadi fedha ya lira ilipoondolewa.

Wosia wake ulipofunguliwa, vyote alivyokuwa navyo alimwachia Mario, na humo alimwandika kuwa ni mwanawe. Mario alikuwa na miaka 54. Aliendelea kuwafunza walimu kazi ile mpaka alipofariki mwaka 1982.